Mistari Miwili ya Pembeni

Funua kombe, mwanaharamu aone.

Wasikilizaji wapendwa, najua wengi mnaijua ikiwa imeelekea upande wa pili: funika kombe, mwanaharamu apite. Tumelelewa nayo. Tumefunikiana makombe nyumbani, kazini, hata misibani. Leo silifuniki. Mwanamke tunayemkumbuka leo alilifunua la kwake mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu saba waliokuwa na uwezo wa kumfukuza kazi.

Jina lake la kazini lilikuwa Bi Pembeni. Tumemzika Jumamosi iliyopita. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Miaka thelathini na sita kati ya hiyo aliitumia kwenye kituo kimoja cha utafiti, kwa zao moja. Ngano. Ngano ya mkate, huu unaoukata kipande asubuhi na kukichovya kwenye chai bila kuuliza kimetoka wapi.

Aliingia kituoni akiwa na miaka ishirini na mitatu, cheti mkononi na viatu vya kuazima. Vilikuwa vya dada yake, vimemzidi namba moja, akavijaza karatasi mbele. Kazi aliyopewa ilikuwa kupima. Kupima urefu wa bua kwa fimbo yenye alama. Kuhesabu masuke ndani ya fremu ya waya, mita moja kwa mita moja. Kuhesabu punje elfu moja, kuzipima uzito, kuandika, kisha kuanza elfu nyingine. Punje alizisogeza mezani kwa ncha ya kisu cha siagi, kumi kumi. Mume wake, fundi saa, aliniambia hata nyumbani akichambua maharage midomo ilikuwa inahesabu.

"Nikimwita haitiki mpaka afike mia," mzee alisema. "Nikajifunza kumwita mapema."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kisa chote kimesimama juu ya jambo moja dogo la shambani.

Mtafiti akitaka kujua mbegu ipi ni bora, hapandi moja. Anapanda familia nyingi za ngano, azilinganishe. Msimu ninaousema zilikuwa familia sitini na nne. Kila familia ilikuwa na vitalu vyake, na kila kitalu kilikuwa na mistari sita. Sita. Lakini siku ya mavuno haivunwi sita. Inavunwa minne ya katikati. Miwili ya pembeni hukatwa kwanza na kuwekwa kando, haifiki kwenye mizani.

Kwa nini? Kwa sababu mstari wa pembeni ni mtoto anayekaa karibu na sufuria. Una jua la ziada na nafasi ya ziada. Unanenepa. Na kama familia hiyo ni ndefu na jirani yake ni fupi, ile ndefu inakula hata jua la jirani. Ukiupima mstari huo, unapima jua, hupimi mbegu. Na jua halirithiwi. Tofauti iliyo kwenye damu ya mbegu hupita kwa watoto na wajukuu. Tofauti iliyoletwa na nafasi nzuri inabaki pale pale shambani. Kazi nzima ya mtu wa mbegu ni kuzitenganisha hizo mbili.

Mistari sita, inavunwa minne. Shikeni hapo.

Ulikuwa msimu wake wa tatu kituoni. Ngano imekauka, iko tayari. Asubuhi ya mavuno wingu zito likajikusanya. Ngano iliyokomaa ikinyeshewa huota ingali kwenye suke, na kazi ya mwaka mzima inaharibika. Mkuu wa kituo alikuwa safarini. Vibarua walikuwa wanne. Kuondoa kwanza mistari ya pembeni kwenye vitalu vyote kungechukua siku mbili, na wingu lile halikuonekana kuwa na subira ya siku mbili. Daftari lilikuwa mkononi mwake yeye.

Akawaambia vibarua, "Kateni yote."

Wakakata yote. Mistari sita.

Kwenye daftari la mavuno, kila ukurasa una swali limechapwa tayari juu: Mistari ya pembeni imeondolewa? Ndiyo. Hapana. Alisimama kwenye mlango wa stoo, kalamu mkononi. Akaweka alama ya vema kwenye Ndiyo. Ukurasa kwa ukurasa.

Na mvua haikunyesha. Wingu lilipita kama mgeni aliyekosea nyumba. Jua likawaka wiki nzima.

Msimu ule kituo kizima kilifurahi. Mavuno yalikuwa makubwa kwenye daftari kuliko miaka yote. Na familia moja ilizishinda zote: familia ya arobaini na moja. Ndefu, inamfikia mtu kifuani. Suke lake refu kama kiganja. Mkuu wa kituo alipigwa picha akiwa amesimama katikati yake. Hesabu zikaonyesha kwamba kadiri bua linavyorefuka ndivyo mavuno yanavyopanda. Wakaandika hivyo, wakapiga na mstari chini. Familia nyingine sitini na tatu zikafungwa kwenye mifuko ya karatasi na kutupwa stoo. Arobaini na moja ikazalishwa, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kisha wakapewa wakulima kumi waijaribu mashambani mwao.

Mmoja wa wale kumi alikuwa wifi yake, dada wa fundi saa. Huyu wifi nilimkuta msibani. Ana miaka sabini na ulimi wa miaka ishirini. Alinishika mkono, akanikalisha, akaanza bila kuulizwa.

"Nilimfuata kituoni kwake," alisema. "Nikamwambia, wifi, hiyo ngano yenu imelala kama kaka yangu siku ya Jumapili. Akacheka. Nikamwambia usicheke, njoo uone."

Alikwenda kuona. Ngano ya wifi ilikuwa imelala chini, mabua yamevunjika, masuke yako kwenye udongo. Na wifi hakuwa peke yake. Wakulima saba kati ya kumi walipata hivyo hivyo. Ripoti ya kituo ilikuwa imeshaandikwa. Ilisema wakulima hawakufuata maelekezo.

"Mimi," wifi alisema, akijigusa kifua. "Mimi sikufuata maelekezo. Nimelima tangu huyo mkuu hajaota meno."

Bi Pembeni, ambaye wakati huo bado hakuwa na jina hilo, alitoa fremu yake ya waya kwenye kikapu. Akaiweka juu ya ngano ya kituo, akahesabu. Masuke mia mbili na kumi. Akaipeleka kwenye mbegu ya zamani ya wifi, hatua chache pembeni. Masuke mia tatu na sitini. Yale ya kituo ni makubwa lakini machache. Haya ya zamani ni ya wastani lakini tele, na yamesimama.

Wasikilizaji wapendwa, mmea una nguvu ya kiasi. Ukiudai suke kubwa, unakupa machache. Ukiudai urefu, bua linalegea kiuno. Sifa za ngano zimeshikana mikono kama watoto wanaocheza duara. Ukimvuta mmoja, mwingine anakuja naye, na wa upande wa pili anakwenda nyuma. Huwezi kujua nani kamshika nani mpaka upime kwa haki. Na hawa hawakupima kwa haki. Yeye hakupima kwa haki.

"Wifi, mbona umenyamaza?" wifi alimuuliza.

"Nahesabu."

"Umeshamaliza kuhesabu. Nimekuona."

Alikunja fremu yake, akarudi kituoni, akalitoa daftari la miaka mitano nyuma. Alama zilikuwa pale. Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo. Mwandiko wake.

Zilibaki siku kumi na moja. Baada ya siku kumi na moja, kamati ya mbegu ingekaa na kuipitisha familia ya arobaini na moja. Msimu uliofuata ingepandwa na maelfu ya wakulima. Vibarua wale wanne waliambiwa kata, wakakata. Hawakujua ya daftari. Duniani kote alikuwa mtu mmoja tu anayejua, na mtu huyo alikuwa na ajira, mtoto mchanga, na kila sababu ya kukaa kimya.

Alikwenda dukani kwa mumewe. Duka lenyewe ni meza moja, kioo cha kukuzia na droo ya vipuri. Akamweleza yote akiwa amesimama. Fundi saa alitoa kioo jichoni.

"Mimi nikimrudishia mteja saa mbovu, kesho yuko hapa ananitukana," alimwambia. "Wako watarudi lini?"

"Mwaka kesho. Wakiwa na njaa."

"Basi wewe unajua zaidi yangu."

Akarudisha kioo jichoni. Mzee aliniambia aliogopa kusema zaidi. Aliogopa akimwambia sema, atakuwa amemfukuzisha mkewe kazi. Akimwambia nyamaza, atakuwa ameuacha moyo wa mkewe uoze.

Siku ya kamati ikafika. Chumba kina meza ndefu, watu saba, mafaili saba. Yeye hakuwa mjumbe. Kazi yake ilikuwa kupanga sampuli za masuke mezani na kuondoka. Akazipanga. Hakuondoka.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kusema."

Mwenyekiti hakuinua macho. "Dada, maji tumeshapata, asante."

"Sizungumzii maji. Nazungumzia mistari ya pembeni."

Akalifungua daftari, akaliweka juu ya mafaili yao, akasema kwa sentensi tatu. "Msimu ule niliamuru ikatwe mistari yote sita. Niliandika kwamba tumekata minne. Familia ya arobaini na moja ilishinda kwa jua la jirani."

Mkuu wa kituo aliuliza, "Unajua unafuta miaka mitano ya kazi?"

"Najua. Na mimi nimo humo."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa mvua. Baadaye nikakuogopa wewe."

"Na leo huniogopi?"

"Nakuogopa. Lakini wifi yangu ameandikwa kwenye ripoti kwamba hajui kulima."

Mjumbe mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Nilimpata huyo mjumbe kwa simu. Sasa ni mstaafu. Aliniambia hivi: "Binti yangu, nimekaa kwenye kamati miaka ishirini. Nimeona watu wakitetea data zao mpaka wakalia. Sijaona mwingine aliyezishtaki."

Mbegu haikupita. Yeye akapewa barua ya onyo, akashushwa cheo, akahamishiwa stoo kufagia na kusafisha mifuko. Wenzake wakampachika jina. Akipita wanasema, mpisheni Pembeni. Akiingia chumba cha chai wanasema, Pembeni kaja, ondoeni kabla ya kupima. Mwezi wa pili wa utani huo alichukua kalamu nzito ya wino, akaandika PEMBENI kifuani kwenye koti lake la kazi, herufi kubwa. Utani ukakosa pa kukalia. Wakaongeza Bi.

Sasa sikilizeni kilichokuwa stoo. Familia sitini na tatu, kwenye mifuko ya karatasi, zimeandikwa kwa chaki: kwa kuku. Zile zilizoshindwa mashindano yasiyo ya haki. Nyingine fupi, nyingine zina masuke madogo, nyingine punje nzito, nyingine zinakomaa mapema. Utofauti wote ambao kituo kilikuwa nao ulikuwa mle, unasubiri kutafunwa. Bila utofauti hakuna cha kuchagua. Ukiwa na watoto pacha sitini na nne, huwezi kumchagua mrefu.

Akaandika barua kuomba kipande cha ardhi nyuma ya stoo. Ikakataliwa. Akaandika nyingine. Ikakataliwa. Ya nne ikakubaliwa, binti yake anasema, kwa sababu karani alichoka kuzipokea. Akazipanda familia zote sitini na tatu, na ya arobaini na moja pia, ili nayo ipate haki yake. Kila kitalu mistari sita. Siku ya mavuno alikata ya pembeni mwenyewe, kwa mundu, kabla hajamruhusu mtu yeyote kuingia. Wingu au hakuna wingu.

Hesabu mpya zilimpa majibu mapya. Urefu wa bua haukuleta mavuno, uliyaangusha. Suke refu lilileta sifa kwenye picha tu. Kilicholeta mavuno kilikuwa wingi wa masuke, pamoja na uzito wa punje, juu ya bua la wastani lenye kiuno kigumu. Lakini familia yenye masuke mengi ilikuwa na punje nyepesi, na yenye punje nzito ilikuwa na masuke machache. Mikono imeshikana, kumbukeni. Ikabidi aiozeshe moja kwa nyingine. Kwa kibanio kidogo alitoa vifuko vya chavua kwenye ua moja moja, akalifunika suke kwa mfuko wa karatasi, akalipaka chavua ya ile nyingine. Mamia ya masuke. Kisha akawapanda watoto, akawachagua. Akawapanda wajukuu, akawachagua tena. Miaka tisa.

"Nilidhani ngano ni ndugu yangu mkubwa," binti yake aliniambia. Yeye ni muuguzi. "Mama alikuwa anasema, subiri kwanza nimwangalie huyu. Huyu ni mmea."

Mwaka wa kumi mbegu ikapitishwa. Wakulima wanaiita Simama, na ninyi mlio mashambani mnaijua kwa sababu imesimama. Kwenye cheti chake kuna majina matano. La Bi Pembeni halimo. Wifi alipomuuliza kama hakuumia, alisema aliumia siku mbili, ya tatu ilikuwa siku ya kupanda.

Mkuu mpya wa kituo alipomrudisha kwenye vipimo, Simama ikiwa bado haijapitishwa, alikubali kwa sharti moja. Kila mfanyakazi mpya, siku yake ya kwanza, apite kwake kabla hajapewa fimbo wala fremu. Ndivyo ilivyokuwa miaka ishirini na miwili. Mgeni alikaa kwenye kiti cha mbao mbele ya meza yake. Yeye alitoa lile daftari la zamani kwenye rafu, akalifungua, akaweka kidole kwenye alama ya vema. Akasema, "Huu ni uongo wangu. Wako utauandika wapi?" Kisha akasubiri mgeni aongee.

Wengine walicheka. Mmoja aliacha kazi mchana ule ule. Wengi wako mashambani leo, wakikata mistari ya pembeni kwanza.

Aliugua miezi mitatu. Ilikuwa figo. Alifariki hospitalini Jumatano alfajiri, binti yake akiwa kando ya kitanda.

Kwenye mazishi, kituo kilisoma wasifu wake. Karatasi nzuri, picha ya rangi. Uliandikwa hivi: katika miaka thelathini na sita ya utumishi, marehemu hakuwahi kukosea. Watu wakainamisha vichwa. Kisha sauti ya wifi ikasikika, wala hakunong'ona.

"Samahani. Tumekuja msiba wa nani?"

Juzi binti yake alikwenda kituoni kuchukua vitu vya mama yake. Koti lilikuwepo. Kisu cha siagi kilikuwepo. Daftari halikuwepo kwenye rafu. Aliambiwa limepelekwa kuhifadhiwa, si vizuri wageni walione, linamchafua marehemu. Jumatatu kituo kinapokea wafanyakazi wapya kumi na wawili. Watapewa fimbo na fremu bila kukaa kwenye kile kiti. Kwa hiyo binti akaja hapa studio.

"Wamemtengeneza mama asiyekosea," aliniambia. "Huyo simjui. Wangu alikosea, akasema. Huyo ndiye ninayemlilia."

Kwa fundi saa, kwa binti, kwa wifi, kwa ndugu wote, kwa vibarua na wapimaji wa kituo: poleni sana. Mmepoteza mtu mzito. Mungu ampumzishe, na awape ninyi nguvu ya kuamka kesho na kesho kutwa.

Nanyi mnaonisikiliza, mlioko ofisini, wodini, darasani, kwenye karakana. Kila mmoja wetu ana daftari, na juu ya ukurasa kuna swali limechapwa tayari. Fikirini mliweka alama wapi, na nani analala na njaa kwa ajili ya alama hiyo. Na kwa kituo: rudisheni daftari kwenye rafu kabla ya Jumatatu.

Fundi mitambo wetu ananyoosha karatasi nyuma ya kioo. Ngoja niisome. Kituo kimepiga simu. Kinataka niombe radhi, hewani, kabla kipindi hakijaisha, kwa kumwita marehemu mwongo mbele ya taifa zima.

Nimeisoma. Neno uongo alilichagua mwenyewe, akalirudia kwa miaka ishirini na miwili, kwa kila mgeni. Mimi nimelifikisha tu, na familia yake imelibariki.

Siombi radhi.